Mtoto Aliye Hatarini Hangoji Zamu



Siku ya kliniki mnajua desturi yetu. Anayefika kwanza anakaa mbele kwenye benchi, na anayefika nyuma anakaa nyuma. Ni desturi nzuri, inaleta amani. Lakini mara nyingine muuguzi anatoka nje, anapita watoto wote, anamchukua mtoto aliyefika sasa hivi tu na kuingia naye mbio. Ndipo wengine wananung'unika: "Juu ya nini huyu apite mbele? Ni ndugu yake?"

Hapana, mama. Si undugu wala si makuta. Ni kazi ya kuchagua nani atazamwe kwanza. Kazi hii ina mafundisho yake, na wako madaktari wanaojifunza miaka mingi kwa ajili yake tu, yaani kumpokea mtoto aliye karibu kufa. Tunataka muijue, kwa sababu kazi hiyo inaanza kwako wewe.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa

Mtoto wa kilo 10 ana damu kidogo sana. Ukiweza kuikusanya yote, haijazi chupa ya litre moja. Njia yake ya pumzi ni nyembamba, uvimbe kidogo tu unaiziba. Akilala siku moja bila kula wala kunyonya, sukari ya damu inaweza kushuka, akazimia au kupata degedege.

Tena mtoto anajikaza. Moyo unapiga mbio, anahema mbio, na wewe unasema: "Anajitahidi, tutakwenda kesho." Kumbe anatumia akiba yake ya mwisho. Akiba ikiisha anaanguka mara moja. Shirika la Afya la Dunia linatufundisha kwamba watoto wengi wanaokufa hospitalini wanakufa katika masaa 24 ya kwanza baada ya kufika. Basi saa ya kwanza ina thamani kubwa kuliko dawa nyingi za siku ya tatu.

Madaktari wa dharura ya watoto

Zamani daktari wa watoto alifundishwa magonjwa yote pamoja, na daktari wa dharura alifundishwa kwa watu wazima zaidi. Baadaye wakubwa wa utabibu waliona kwamba dharura ya mtoto inataka fundi wake. Kule Marekani mtihani wa kwanza wa ufundi huu ulifanywa mwaka 1992.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki, Kenya ilianzisha mafunzo hayo katika miaka ya 2010. Chuo Kikuu cha Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na hospitali ya misioni ya AIC Kijabe walishirikiana na walimu wa Chuo Kikuu cha Washington kutoka Seattle. Anayeingia si mwanafunzi mchanga. Amekwisha kusoma udaktari miaka 5 au 6, amefanya kazi ya majaribio mwaka mmoja, na amesoma miaka 3 mingine kuwa daktari wa watoto. Ndipo anaongeza miaka 2 ya dharura na ya wagonjwa mahututi. Hesabu mwenyewe, mama: ni zaidi ya miaka 10.

Anajifunza nini? Kumsaidia kupumua mtoto aliyeacha kupumua. Kupata mshipa kwa mtoto ambaye mishipa yake imejificha, na akikosa, kuingiza maji ndani ya mfupa wa mguu. Kutuliza degedege. Kutoa amri bila kuchanganyikiwa wakati watu wote wanapiga kelele. Tena anajifunza kufundisha wengine, kwa maana daktari mmoja hawezi kukaa kwenye kila mlango.

Elimu ile inafikaje Niemba?

Utasema: "Nairobi ni mbali. Hapa kwetu, kwenye reli ya kwenda Kalemie, tuna muuguzi tu." Ni kweli. Huku vijijini anayempokea mtoto wako kwanza ni muuguzi. Lakini sehemu kubwa ya elimu ile imeandikwa kwa njia rahisi, na muuguzi anaweza kuijifunza kwa siku chache. Shirika la Afya la Dunia lilitoa kitabu chake cha mafunzo mwaka 2005.

Mengi ya mafundisho hayo yalijaribiwa Malawi, katika hospitali kubwa ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, pamoja na daktari Elizabeth Molyneux. Zamani watoto walipanga mstari pale na kungoja zamu. Kisha wakaanza kutazama kila mtoto mlangoni, na walio hatarini wakatibiwa palepale. Habari zilizoandikwa mwaka 2006 zinasema hivi: mbele ya mabadiliko, kati ya watoto 100 waliolazwa, 10 hadi 18 walikufa. Baada ya mabadiliko walikufa 6 hadi 8. Hawakungoja kwanza mashine kubwa. Walipanga kazi upya na kuwafundisha watu wao.

Muuguzi anatazama nini mlangoni?

Anajiuliza maswali manne, na kwa utaratibu huu:

1. Anapumua vizuri? Anatazama kifua, kama kinaingia ndani chini ya mbavu, na kama midomo imekuwa ya rangi ya majivu.
2. Damu inatembea? Anagusa mikono kama ni baridi. Anabonyeza ukucha na kuhesabu. Wekundu ukikawia kurudi zaidi ya sekunde 3, hatari iko.
3. Ana fahamu? Anamwita, anamgusa. Mtoto asiyeamka, au mwenye degedege, anaingia palepale.
4. Ameishiwa maji? Kwa mtoto wa kuharisha anatazama macho yaliyozama, na anavuta ngozi ya tumbo kuona kama inarudi polepole.

Baada ya hao wanafuata watoto wasiopaswa kukaa sana kwenye benchi: mtoto chini ya miezi 2, mwenye homa kali sana, mwenye viganja vyeupe, aliyeungua moto, aliyekunywa sumu au mafuta ya taa, aliyekonda sana, na aliyevimba miguu yote miwili. Wengine wote wanangoja zamu yao. Mtoto wako akingojeshwa, usikasirike. Maana yake ametazamwa, na hatari kubwa haikuonekana. Lakini hali yake ikibadilika ukiwa kwenye benchi, simama, sema.

Habari ya serumu

Mama wengi wanasema: "Mtoto wangu ana homa kali, mumtundike serumu ikimbie mbio!" Nasi tukikawia wanafikiri tunanyima. Sikilizeni. Mwaka 2011 matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania yalitangazwa. Watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali, ambao damu yao ilikuwa inatembea vibaya, walifuatwa. Kati ya watoto 100 waliopewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama 10 au 11 walikufa katika siku mbili. Kati ya 100 wasiopewa hivyo, walikufa kama 7. Watoto wa kuharisha hawakuwa katika hesabu hiyo. Wao wakikauka kabisa wanahitaji maji upesi. Kumbe maji yaleyale yanaponya mmoja na kumwumiza mwingine! Basi muuguzi akikataa kufungua serumu ikimbie, usifikiri ni uchoyo.

Wewe, mama, ndiwe mlango wa kwanza

Daktari wa miaka 10 hawezi kumsaidia mtoto aliyebaki nyumbani. Njoo siku hiyohiyo, hata usiku, ukiona moja tu ya mambo haya:

– hawezi kunyonya wala kunywa;
– anatapika kila kitu;
– amepata degedege;
– analala kupita kiasi, haamki;
– anahema kwa shida, kifua kinaingia ndani;
– mikono na miguu ni baridi na mwili ni moto;
– viganja vimekuwa vyeupe.

Njiani, kama ana fahamu na anaweza kumeza, endelea kumnyonyesha. Kama anaharisha, mpe serumu ya kunywa kidogo kidogo kwa kijiko. Mtoto mchanga mfunge kifuani, ngozi kwa ngozi, asipate baridi. Mwenye degedege mlaze ubavu, wala usimtie kitu mdomoni, si kijiko, si dawa, si maji. Aliyekunywa mafuta ya taa usimtapishe, kwa sababu yanaweza kuingia mapafuni. Usimchanje kwa wembe wala kumwingizia dawa matakoni. Nkambo wanatupenda na wametulea, lakini mambo hayo yanapoteza saa ile ya kwanza.

Ukifika, usikae kimya kwenye benchi kwa haya. Sema kwa sauti mlangoni: "Mtoto wangu hawezi kunyonya!" au "Alikuwa na degedege!" Sema hayo kwanza, habari ya makuta na ya karatasi nyuma. Nawe uliye kwenye benchi, ukiona mtoto wa mwenzako amelegea, mwite muuguzi hata kama mama yake ananyamaza.

Na muuguzi akikuandikia barua ya kwenda hospitali ya Kalemie, ondoka siku hiyohiyo. Njia ni ndefu na safari inataka matayarisho. Kwa hiyo ongea na bwana yako sasa, wakati watoto ni wazima. Ni nani atakayekupeleka, kwa kinga au kwa pikipiki? Makuta ya safari yatatoka wapi? Bwana akiwa safarini, ni nani atakayekupa ruhusa? Mambo hayo yakikatwa mapema, usiku wa hatari hutapoteza saa ukizunguka nyumba za wakwe kuomba neno.

Basi, mama, wiki hii ulizeni nyumbani maswali hayo matatu. Na siku ya kliniki, mtoto wa mwenzako akipitishwa mbele, msogeeni apite. Kesho anaweza kuwa wako.