Machi ni ya mtoano: Jinsi New Japan Cup ilivyofika kwa magunia ya Kaptembwa

Jumapili moja ya Machi mdogo wangu aliingia kwa nyumba na nundu kwenye paji la uso, kubwa kama ndimu. Hakuwa ameanguka, wala hakuwa amepigana. Alikuwa amegongana vichwa na rafiki yake makusudi, mbele ya mashahidi kumi na wanne.

"Tulikuwa tunafanya ile ya Shibata, bro," akaniambia, akicheka huku macho yakimtoka machozi.

Mathe hakumtazama yeye. Alinigeukia mimi. "Wewe ndiye ulimletea huu ujinga wa Wajapani."

Hakukosea.

Nieleze kidogo. Nyuma ya karakana moja ya mbao hapa Kaptembwa, vijana wa rika la mdogo wangu wametengeneza ulingo wao. Wamejaza magunia unga wa mbao, wakayapanga chini, wakasimika vigingi vinne na kufunga kamba. Kila Machi wanaandika majina kumi na sita, wanayatia kwenye kofia, na kuyatoa mawili mawili. Ratiba huchorwa kwa chaki kwenye mabati ya ukuta. Ukishindwa jina lako linafutwa na unaenda kuketi na watazamaji. Anayebaki wa mwisho huvaa mkanda waliokata kutoka kwa tyubu ya tairi.

Hiyo ratiba ya chaki ni New Japan Cup, na mimi ndiye niliwaonyesha.

Kwa msee ambaye hajui: New Japan Pro-Wrestling ndiyo kampuni kubwa zaidi ya mieleka ya kulipwa kule Japani. Wana mashindano mawili makubwa ya kila mwaka. G1 Climax ni ligi ya pointi, na ukipoteza leo bado una kesho. New Japan Cup, iliyoanza 2005, ni mtoano. Ukishindwa mara moja, kwaheri. Hakuna kurudia mtihani, na mimi najua kidogo kuhusu hayo. Mshindi kwa kawaida anapata nafasi ya kupigania ubingwa mkuu. Idadi ya washiriki hubadilika: 2018 walikuwa 16, 2019 wakawa 32, na 2022, kampuni ilipotimiza miaka 50, wakafika 48.

Wengi wetu tulilelewa na mieleka ya Marekani. John Cena, Undertaker, zile stika za kubandika kwa madaftari. Ya Japani ilinishangaza kwa ukimya. Umati unakaa kama uko kanisani, unafuatilia mkono unavyokunjwa, halafu ghafla ukumbi wote unalipuka. Na saa zenyewe zinatufaa. Wao wako mbele yetu kwa saa sita, kwa hivyo pambano likianza saa kumi na mbili unusu jioni kwao, kwetu ni saa sita unusu mchana. Unacheki ukila chapo madondo.

Nilianza 2019, mwaka wa kwanza chuoni. Tulikuwa wanne kwa hosteli, tukachanga pesa za kulipia huduma yao ya mtandaoni, yen 999 kwa mwezi, karibu shilingi elfu moja. Bando ilikuwa mchango mwingine, na ndiyo iliuma zaidi. Mwaka huo fainali ilikuwa Kazuchika Okada dhidi ya SANADA. Okada akashinda, na tuzo yake ikawa kwenda kumkabili bingwa Jay White, Aprili 6, Madison Square Garden.

Nilipowaambia mbogi ya mtaani kwamba Okada anaenda Madison Square Garden, mmoja akauliza bila utani, "Hii yetu?"

Kama hujatoka Nakuru hutaelewa. Sisi pia tuna Madison Square Garden. Ni ukumbi wa ndondi, na katika historia ya ngumi za Kenya jina la Nakuru halikuwa dogo. Philip Waruinge ni mtoto wa hapa. Alileta shaba kutoka Olimpiki ya Mexico 1968, na licha ya kutoshinda dhahabu akapewa kombe la Val Barker, lile la bondia bora wa mashindano yote. Munich 1972 akaongeza fedha. Halafu unajua alienda kuwa bondia wa kulipwa wapi? Japani. Kwa hivyo mtu akiniuliza Nakuru na ulingo wa Japani vinahusiana vipi, huyo hapo. Alitutangulia miaka hamsini, na hakuhitaji bando.

Basi, turudi kwa nundu.

Swali ambalo kila mtu huniuliza ni lile lile: si hiyo ni maigizo? Ndiyo, mshindi huwa amepangwa. Hakuna aliyenidanganya. Lakini 2017 Katsuyori Shibata alishinda New Japan Cup kwa kumwangusha Bad Luck Fale kwenye fainali, na Aprili 9 akaingia ulingoni na Okada katika Ryogoku Kokugikan, ule ukumbi wa sumo wa Tokyo. Walienda dakika 38. Ikafika mahali Shibata akamgonga Okada kwa paji la uso, mfupa kwa mfupa, bila kujikinga kwa mkono jinsi wengine hufanya. Sauti yake unaisikia hata kwa simu yenye spika mbovu. Damu ikaanza kumchirizika usoni polepole. Akapoteza pambano, na nyuma ya pazia akaanguka. Damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu na ikabidi apasuliwe haraka.

Matokeo yalipangwa. Ule uvujaji haukupangwa.

Shibata alipona, akawa mkufunzi wa vijana kwenye kambi ya kampuni hiyo huko Los Angeles, na Oktoba 2021 akarudi ulingoni kwa maonyesho ya dakika chache za kukabana tu. Lakini miaka ile minne hakuna anayemrudishia. Mimi niliitazama hiyo mechi mara tatu nikisema "huyu jamaa ni simba." Nikamwonyesha mdogo wangu. Nilimwonyesha kichwa kikigonga, sikumwonyesha hospitali. Hapo ndipo mathe ana haki.

Nilimketisha jioni hiyo, barafu ya supamaketi kwenye paji, nikamsimulia yote. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Sasa ilikuwa kwa nini afanye hivyo kama alikuwa ashajua atapoteza?"

Sina jibu. Nimewaza hilo swali mara nyingi kuliko nilivyowahi kuwaza chochote darasani.

Darasa lenyewe liliisha hivi. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona. New Japan Cup nayo ikaahirishwa. Juni wakarudi, ukumbi ukiwa mtupu, wanaume 32 wakipigana mbele ya viti. Ungeweza kusikia refa akihema. Nilikuwa nyumbani, kafyu imetubana, meza ya mitumba ya mathe haileti kitu, nami nahesabu karo kichwani kila usiku. Fainali ilikuwa Julai 11 Osaka, watazamaji wachache wakiruhusiwa. EVIL akamshinda Okada. Rafiki yake Tetsuya Naito, aliyekuwa bingwa, akaja kumpongeza, na EVIL akamgeuka papo hapo. Kesho yake akampokonya mikanda yote miwili.

Vyuo vilipofunguliwa sikurudi. Sikusukumwa na mtu. Pesa haikuwepo, na nilipopata kazi ya kuhariri video za harusi nikajiambia ni kwa muda mfupi. Muda mfupi huo bado haujaisha.

Ndiyo maana mwanamieleka wangu si Okada. Ni Hirooki Goto. Huyu mzee alishinda New Japan Cup mara tatu: 2009, 2010 na 2012. Kila mara mtoano anaumaliza, lakini ule mkanda mkuu hauguswi. Akawa kichekesho, yule jamaa wa karibu-karibu. Mashabiki wakamzoea hivyo na kampuni pia ikaonekana imemzoea hivyo. Februari 11, 2025, Osaka, akiwa na miaka 45, akamwangusha Zack Sabre Jr. na kuuchukua. Wanawe walipanda ulingoni. Najua ilipangwa. Nililia kwa matatu ya kutoka Njoro, na mama aliyeketi kando yangu akanipa kitambaa bila kuuliza kitu.

Huyo Sabre, kwa njia, ndiye napenda vijana wamuige. Mwingereza mwembamba, hana misuli ya kutisha. Mwaka 2018 alishinda kombe hili kwa kuwakunja Naito, Ibushi, SANADA na Tanahashi mmoja baada ya mwingine. Mikono, vifundo, shingo. Hakuna kuruka kutoka juu, hakuna vichwa.

Lakini kuna jambo lingine, na hili ndilo linanikosesha usingizi. Mdogo wangu amegundua Soft Ground Wrestling ya Uganda. Uliwaona TikTok bila shaka: vijana wa Mukono wanarushana kwenye tope, ulingo ni nguzo za mianzi na kamba. Aliyeianzisha 2023, Daniel Bumba, alikuwa akitafsiri mieleka kwa Kiganda kwenye TV, kama vile DJ Afro anavyotusimulia sinema. Yaani msimulizi aliamua kuacha kusimulia. Dunia ikawaona, na wao hawana hata godoro.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Ameshauliza nauli ya basi hadi Kampala. Ananiambia, "Bro, wewe uliacha chuo na hujafa."

Ningemjibu nini? Nikimwambia shule kwanza, naonekana mnafiki. Nikimwambia enda, mathe atanifukuza, na atakuwa sawa.

Kwa sasa tumekubaliana mambo mawili. Anamaliza kidato cha nne, kisha tunaenda Mukono pamoja, mimi na kamera yangu, tukaone kwa macho. La pili, vichwa vimepigwa marufuku kwenye magunia. Niliandika kwa chaki mwenyewe juu ya ratiba: HAKUNA KICHWA. Juzi nilipita nikakuta mtu amefuta neno la kwanza. Nimeliandika upya kwa rangi ya mafuta. Na Jumamosi tunaongeza safu ya pili ya magunia, fundi ametuachia unga wa mbao wa wiki nzima.