Mmea unajikula kusudi usife

Mwezi wa kwanza, mvua ikikatika wiki mbili, sisi wote wenye shamba pembeni ya muji tunaona jambo moja: mahindi yanasimama palepale. Tunasema udongo umechoka, ao mbegu ni ya uongo. Kumbe mara nyingi mmea wenyewe ndio umejizuia.

Mu 2017, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa State, kule Marekani, walionyesha namna inafanyika mu Arabidopsis, mmea mudogo unaotumiwa sana mu maabara. Mmea uko na homoni inaitwa brasinosteroidi, yenye kutoa amri ya kukua. Amri ile inafika kazini kupitia proteini moja, BES1. Lakini jua likikaza, proteini ingine, DSK2, inakamata BES1 na kuitia mu kafuko kanakofungwa ndani ya seli. Kafuko kanamwanga muzigo mu vakuoli, inakatwa vipande, na vipande vinatumika tena. Kazi ile ni otofajia, maana yake kujikula mwenyewe. Mujapani Yoshinori Ohsumi alipata Nobel mu 2016 juu ya kufunua namna inatendeka, akianzia mu chachu.

Sisi watu wa mine tunajua hesabu hii. Mushahara ukichelewa, hakuna anayejenga chumba kipya. Hata bati tulizonunua tunaziuza tupate unga. Mimea iliyopunguziwa DSK2 ilibaki na BES1 nyingi, na haikuvumilia ukame sawa mingine. Ilikuwa kama mutu anayejenga wakati watoto wanalala njaa.

Mahindi nayo yako na otofajia. Majaribio yaliyotangazwa mu 2015 yalionyesha kama mahindi yaliyoharibiwa jeni ATG12 yanateseka zaidi azoti ikikosa, na mavuno yanapunguka.

Basi, ndugu, tusikimbilie kungoa mahindi machanga na kukopa mbegu ingine. Tupasue shina moja kwanza, tuangalie moyo wake. Ukiwa mweupe na mugumu, mvua ikirudi mmea unaweza kuendelea. Ukiwa umelainika na kuoza, hapo umekwisha. Lakini tusijidanganye: jua likipiga saa ya maua, mavuno yanapotea. Kujikula kunasaidia kungojea tu. Hakuleti mvua, na hakujazi sahani ya bukari.