Beni: Mikrokontrola ipi inafaa mfuko wa kijana wa Mabalako anayejitengenezea saa ya satelaiti?

Habari zinazosomwa Kinshasa saa 20:00 zinawafikia wakaaji wa Mangina, katika eneo la afya la Mabalako, ikiwa kwao tayari ni saa 21:00. Kongo ni nchi ya saa mbili, na sisi wa mashariki tumezoea kuongeza moja bila kufikiri. Ila kuijua saa ya kweli, hadi sekunde, ni jambo lingine. Simu huipata kwenye mtandao; mtandao ukikatika, inajihesabia yenyewe. Na kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi nyuma miaka mingi kila ikizimwa.

Tangu Ebola ilipotangazwa hapa, tarehe 1 Agosti 2018, watu wengi wa Mabalako wamejifunza maana ya baridi isiyokatika. Chanjo iliyotumika ilihifadhiwa kwenye nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Zile za kawaida za watoto hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ukirekodi joto la friji kwa saa isiyo sahihi, hutajua umeme ulikatika usiku kwa muda gani. Chombo cha kujitengenezea hakichukui nafasi ya kile kilichoidhinishwa kwenye kituo cha afya, lakini kwa friji ya duka, kwa redio ya mtaa au kwa kengele ya shule kinaweza kusaidia sana.

Saa yenyewe iko angani, bila malipo. Satelaiti za GPS huzunguka kilomita 20,200 hivi juu yetu, kila moja na saa zake za atomu. Kifaa cha kupokea hutoa vitu viwili: maneno yanayotaja tarehe na saa, na pigo moja la umeme kila sekunde. Maneno huchelewa kidogo, pigo halichelewi. Kwa hiyo mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, kazi yake ni kulikamata pigo hilo papo hapo.

Wengi huanza na Arduino Uno, kwa sababu masomo yake yamejaa kwenye intaneti. Kwa saa ya ukutani inatosha. Lakini ina kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu, mlango wake mmoja wa mawasiliano unagawanywa na waya wa USB, na inatumia volti 5 wakati vipokezi vingi vya GPS vinazungumza kwa volti 3.3, hivyo inabidi kuongeza vipingamizi ili usikiunguze kipokezi. ESP32 ina nguvu zaidi na ina Wi-Fi. Anayetaka kugawa saa kwa kompyuta za ofisi nzima achukue hiyo, ila ajue kwamba Wi-Fi inakula betri, jambo zito kwa anayetegemea sola.

Kwa maoni yangu, Raspberry Pi Pico ndiyo inayofaa zaidi. Ilitoka Januari 2021 kwa dola 4 za Marekani, ina kumbukumbu ya kilobaiti 264, milango miwili ya mawasiliano, volti 3.3, na visehemu vidogo ndani yake vinavyoweza kulinda pigo huku programu ikifanya kazi nyingine. Bei ya dukani Butembo haiwezi kuwa hiyo, maana kuna usafiri na ushuru. Pico ya kawaida haina Wi-Fi, na kwa saa peke yake hilo si hasara.

Pesa hupotelea zaidi kwenye kipokezi. Vile vya NEO-6M vyenye pini nne havitoi pigo nje. Linaishia kwenye taa ndogo inayomulika. Tafuta chenye pini ya tano iliyoandikwa PPS. Vya zamani sana navyo ni hatari: tarehe 6 Aprili 2019 hesabu ya wiki za GPS ilirudi sifuri, na baadhi yake tangu hapo husoma tarehe ya miaka karibu 20 iliyopita.

Kuna na suala la usalama. Kisanduku chenye nyaya na antena, katika jimbo lililo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, kinaweza kuleta maswali barabarani. GPS hupokea tu, haitumi chochote, lakini usitegemee kumweleza hivyo askari kwenye kizuizi. Kifungie nyumbani, kibaki nyumbani.

Antena iwekwe nje ya mabati, ione anga. Mara ya kwanza subiri dakika 12 na nusu au zaidi kabla ya kuamini sekunde: saa ya GPS iko mbele ya saa ya dunia kwa sekunde 18, na satelaiti hutuma marekebisho hayo kwa zamu. Kisha programu iongeze saa mbili kwa Beni na Butembo. Kwa Kinshasa, moja.