Tarakilishi Inaponakili Bure

Msomaji, unapoitisha picha kutoka tarakilishi ya mbali, usidhani hutoka diskini moja kwa moja. Kwa njia ya kawaida hunakiliwa mara nne: kutoka diski hadi kwenye kiini cha mfumo, kisha kwa programu, ikarudi kwenye kiini, ndipo ikaingia kadi ya mtandao. Programu haikubadilisha hata herufi! Ni kama tarishi anayenakili barua kabla ya kuipeleka posta.

Linux 2.2 ya mwaka 1999 ilileta amri ya sendfile, inayoiruka programu. Mwaka 2017, Linux 4.14 ikaongeza MSG_ZEROCOPY. Lakini hapo programu lazima ingoje ishara. Ikiigusa data mapema, mpokeaji huenda akaletewa iliyovurugika. Tena kwa ujumbe ulio chini ya kilobaiti 10 hivi, kunakili bado ni nafuu.