Kolimeta na Taswira ya Miale ya Gama

Tabibu atakapo kujua hali ya mifupa ya mgonjwa, humdunga dawa iliyotiwa teknetiamu-99m, dutu ambayo nguvu ya mnururisho wake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, kisha humlaza chini ya kamera ya gama, chombo kilichobuniwa na Hal Anger huko Berkeley, California, katika miaka ya 1950, ili miale itokayo mwilini ichore taswira ya mahali dawa ilipojikusanya. Walakini miale ya gama haipindwi na lenzi kama nuru ipindwavyo, nayo hutawanyika kila upande. Lau ingeachiwa kuifikia kamera ipendavyo, taswira isingekuwa ila ukungu mtupu.

Kinachouzuia ukungu huo ni kolimeta, yaani bamba la risasi lenye maelfu ya vitundu vilivyopangwa mfano wa sega la nyuki, ambalo huupitisha mwale unyookao na tundu na kuumeza ule wa mshazari. Gharama yake si haba, kwani katika miale 10,000 itokayo mwilini, aghalabu hupita mmoja au miwili tu. Fauka ya hayo, ukipunguza kipenyo cha vitundu kwa nusu bila kubadili urefu wake, kolimeta hubainisha vitu vidogo maradufu, ilhali miale ipitayo hubaki takriban robo, na taswira iliyokosa miale ya kutosha hujaa chengachenga.

Unene wa kuta za vitundu nao una hukumu yake. Miale ya teknetiamu, yenye nishati ya kiloelektronivolti 140, huzuiwa na ukuta usiofika hata nusu milimita; bali ile ya iodini-131, itumikayo kwa maradhi ya tezi ya shingo, ina 364, nayo huzipenya kuta hizo na kuizungushia tezi michirizi ya nyota iwezayo kumficha tabibu maradhi yaliyo kando yake. Kwa hiyo iodini hiyo huhitaji kolimeta ya kuta nene.

Lakini hata kolimeta iliyo bora haifai kitu ikiwekwa mbali, maadamu kila kitundu huona eneo pana zaidi kadiri mwili unavyojitenga nacho, na vidonda viwili vilivyokaribiana vikaonekana kimoja. Kuisogeza kamera hadi ikaribie kugusa ngozi hakugharimu fedha, wala hakumwongezei mgonjwa mnururisho hata chembe. Na maadamu mgonjwa amekwisha kuubeba mnururisho huo mwilini mwake, ni haki yake kwamba kila mwale uliopita utumike kwa uangalifu wote.