Je, Wajua Kwa Nini Linux Hutulia Kwenye Kompyuta Moja na Kuganda Kwenye Nyingine?

Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizomo kwenye orodha ya zile zenye kasi kubwa zaidi duniani zinaendeshwa na Linux, mfumo huria ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991. Ukiuweka mfumo huohuo kwenye laptopu fulani ya bei nafuu, huenda ukaganda katikati ya kazi: mshale hausogei, kibodi haiitiki, mpaka uizime mashine kwa nguvu. Wapo wanaosema basi cha bure hakiaminiki. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu utulivu si sifa ya mfumo peke yake. Hutegemea jinsi mfumo unavyopatana na vifaa vya mashine, na kazi ya kuvipatanisha ni ya viendeshi, yaani programu zinazouwezesha mfumo kutumia kadi ya picha, WiFi au diski. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipouchunguza msimbo wa Linux mwaka 2001, waliona kiwango cha makosa kwenye viendeshi kikifika mara 3 hadi 7 ya kile cha sehemu nyingine za kiini cha mfumo.

Chukua prosesa za Intel za jamii ya Bay Trail, zilizotoka mwaka 2013 na kuwekwa kwenye laptopu nyingi za bei ya chini. Zikikosa kazi, hujipumzisha hatua kwa hatua ili kuokoa umeme, na katika hatua za usingizi mzito ndipo Linux ilipokuwa ikiganda. Watumiaji waligundua dawa: kuongeza maneno intel_idle.max_cstate=1 kwenye amri za kuwashia, ili prosesa isilale sana. Betri iliisha mapema zaidi, lakini kwa wengi kuganda kulikoma.

Mtu atauliza, mbona Windows haisumbui kwenye laptopu yangu? Mara nyingi ni kwa sababu mtengenezaji aliijaribu na Windows kabla ya kuiuza. Faida hiyo ni ya kweli, ila inatokana na maandalizi, si na kufichwa kwa msimbo wa Windows. Linux nayo ikiandaliwa hivyo hutulia: helikopta Ingenuity ya NASA iliruka Mirihi mara 72 kati ya 2021 na 2024 ikitumia Linux juu ya prosesa ya simu, kwa kuwa wahandisi waliupima mfumo na vifaa vyake pamoja.

Kwa hiyo, kabla ya kuulaumu mfumo, uwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kuusakinisha, ujaribu WiFi, sauti na kuilaza mashine. Kisha iache programu ya Memtest86+ ipime RAM usiku kucha, maana RAM mbovu huangusha mfumo wowote, wa bure na wa kulipia.