Uasidi wa Alkoholi Sahili: Mfano wa Pombe ya Ndizi na Gongo, Kibondo na Kasulu

Katika nyanda za juu za Kigoma, zikiwemo Kibondo na Kasulu, ndizi mbivu hukamuliwa na maji yake huachwa yachachuke. Hamira hugeuza sukari kuwa ethanoli na gesi ya kabonidayoksaidi. Pombe hiyo ikikaa siku kadhaa huwa chachu. Ni rahisi kudhani kwamba uchachu huo ni wa alkoholi yenyewe, kikemia, sivyo.

Molekuli ya alkoholi ina kundi la haidroksili, yaani oksijeni iliyoungana na haidrojeni, lililoshikamana na kaboni. Haidrojeni hiyo inaweza kuachiliwa, na hapo ndipo alkoholi huonyesha tabia ya asidi. Sodiamu ikitiwa katika ethanoli, gesi ya haidrojeni hutoka, ingawa polepole kuliko katika maji. Hata hivyo, uasidi huo ni hafifu mno: karatasi ya litimasi haibadiliki rangi. Kipimo cha pKa, ambacho hupungua kadiri asidi inavyozidi nguvu, ni takribani 15.5 kwa methanoli na 15.9 kwa ethanoli. Kundi la kaboni linapokuwa kubwa na lenye matawi, maji hushindwa kuizunguka vyema na kuituliza ioni inayobaki. Hivyo uasidi hupungua.

Uchachu wa pombe iliyokaa hutokana kwa sehemu kubwa na bakteria ambao, kwa msaada wa oksijeni ya hewani, hugeuza ethanoli kuwa asidi ya ethanoiki, ndiyo asidi ya siki. pKa yake ni 4.76.

Mageuzi ya namna hiyo hufanyika pia mwilini, na humo ndimo ilimo hatari ya methanoli. Pektini ya ndizi hutoa methanoli kidogo wakati wa kuchachuka. Ingawa methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 za Selsiasi na ethanoli kwenye 78.4, mtambo wa kienyeji wa gongo hauwezi kuzitenga kikamilifu. Maafa makubwa hutokea hasa methanoli ya viwandani inapochanganywa katika vinywaji, kama ilivyotokea Kenya mwezi Mei 2014, ambapo makumi ya watu walifariki.

Ndani ya ini, vimeng'enya hugeuza methanoli kuwa formaldehaidi, kisha asidi ya methanoiki yenye pKa ya 3.75. Asidi hii huzuia seli kutumia oksijeni na kuharibu neva za macho. Kwa kuwa mageuzi hayo huchukua muda, dalili zaweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24.

Hivyo basi, sumu ya methanoli haitokani na uasidi wake wenyewe, ambao haupishani sana na ule wa ethanoli, bali na asidi inayozaliwa kutokana nayo. Kwa sababu hiyo, litimasi haiwezi kuitambua, wala ulimi. Mnywaji anayeanza kuona ukungu machoni apelekwe hospitalini mara moja, hata kama alikunywa jana yake.